Aliyemwita Dada Yake Nana

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili na wa mwisho kwa wazazi wake. Alizaliwa mdomo wa juu umepasuka na kaakaa liko wazi. Majirani wakamnyooshea mama kidole: eti akiwa na mimba alimcheka mtu mwenye mdomo kama huo. Mama alimlisha mwanawe kwa kijiko, na lile neno akalimeza yeye.

Mdomo ulishonwa angali mchanga, lakini kaakaa lilingoja hadi alipotimiza miaka sita. Kabla ya hapo hewa ilimtokea puani. Akiita "Baba" ilitoka "Mama", basi nyumba ile ikawa na mama wawili, mmoja ana ndevu. Dada yake, anayewasomea wasifu huu, akawa Nana.

Alianza shule ya msingi Januari 1975. Waliomwigiza usemi wake, uliokuwa bado haujanyooka, Nana aliwanyamazisha kwa maneno, na maneno yalipokwisha, kwa kiatu. Nana aliishia darasa la saba. Marehemu alisonga mbele, akahitimu udaktari mwaka 1994.

Alifundisha chuoni jinsi kichwa na shingo vinavyoumbika tumboni. Kila muhula alipita kwa Nana, ambaye ni mwokaji mikate, akabeba donge la unga bila kuomba, akalifinyanga mbele ya wanafunzi. Alipenda kusema taya na vijifupa viwili vya sikio hutoka tao moja la shingo, mkunjo mmoja wa nyama, mtoto akiwa tumboni. "Ni ndugu wa tumbo moja, Nana, ila kwako taya limelidhulumu sikio."

Siku moja alimfinyangia mama uso wa unga, mezani. Uso ukaja kutoka pande mbili, ukakutana chini ya pua.

"Mdomo huungana wiki ya saba ya mimba, Mama. Hata Baba ulikuwa hujamwambia. Sasa ulimcheka nani, na saa ngapi?"

Mama akagusa kile kijifereji juu ya mdomo wake. "Kumbe kila mtu ana mshono," akasema. Tangu siku hiyo alipita kwa majirani kichwa juu.

Tarehe 14 Desemba 1996 marehemu alimwoa muuguzi wa wodi ya watoto. Kaakaa lilikwishapona zamani, na "d" zake zote zilikuwa sawa.

"Niite Dada leo, wageni watacheka," Nana alimwambia.

"Dada ni wa kila mtu. Nana ni wangu."

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya koo, na Februari iliyofuata akaondolewa zoloto. Sauti ikaenda. Akabaki kusema kwa midomo, na kwa midomo hiyohiyo alilalamika kuwa mkate hauna chumvi.

Alifariki tarehe 21 Juni 2023, mchana, Nana amemshika mkono. Midomo ilitamka neno moja. Pasipo sauti, "Dada" na "Nana" hayatofautiani. Ulimi hugonga palepale.

"Amekuita Dada?" wifi yake akauliza.

"Hajawahi," Nana akajibu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wapwa watatu, na dada mmoja mwenye jina lisilo na wa kuliita.

Mola amlaze pema, kitinda mimba wetu.