Robo Ngapi Zinaenea Kwenye Nusu?

Mfuniko wa birika ulikuwa ungali unachezacheza jikoni kwangu nilipozima jiko na kutoka alfajiri kungali giza kuwahi basi la kwanza. Ndani ya basi, mbele yangu waliketi binti mmoja mwalimu, amepakata kikapu cha maumbo ya kadibodi, na mzee aliyesema amestaafu ualimu.

“Leo mwalimu mkuu anaingia darasani kwangu kuamua kama niendelee kufundisha kugawanya sehemu kwa maumbo haya,” binti alisema.

“Ya nini kukatakata makaratasi, mwanangu? Geuza sehemu ya pili, zidisha, basi. Wanafunzi wangu leo ni mainjinia.”

“Jibu walilijua, babu. Walijua limetoka wapi?” Akaweka nusu duara juu ya mkoba wa mzee. “Robo ngapi zinaenea humu?”

Mzee akatoa robo kikapuni, akapanga moja, kisha ya pili, taratibu kama anayelaza mtoto. “Mbili. Kumbe ndiyo maana ukigawanya nusu kwa robo jibu linakuwa kubwa.” Akakohoa, ingawa mafua hana. “Hata hivyo, kanuni yangu ni fupi.”

“Fupi, ndiyo. Ila wanafunzi wangu wananieleza wenyewe jibu limetoka wapi.”

Basi liliposimama shuleni, mzee alimshikia kikapu mpaka mlangoni. “Kesho njoo ukae nami tena. Lete theluthi. Nusu ni rahisi mno, hujanishinda bado.”