Anayeitika Kabla ya Kuitwa

Tuktuk ya kwenda gerezani Homa Bay ilibeba watatu: Truphena, aliyekuwa akienda kumwona mwanawe Gisiri, askari jela mmoja, na dada anayetafiti afya ya akili ya wafungwa.

"Madam, kuna mmoja huitika 'Niko!' na hata hatujamwita," askari alimwambia yule dada. "Tunamwadhibu, lakini wapi!"

"Afande, wengine huitwa na sauti msizozisikia nyinyi."

"Na huyu je?"

"Wananiambia kwa siri. Siruhusiwi kutaja mtu."

Kila mmoja wao akaikalia nusu yake ya habari kama kuku na yai viza. Truphena, mwenye mtoto, hakuulizwa.

Tuktuk ikazima langoni. Truphena akamwita Gisiri, kimoyomoyo tu.

Nyuma ya ukuta mtu akaitika: "Niko!"