Mama Godelive Chola na Sahani ya Noeli

Katika nyumba ya Mama Godelive Chola hakuna aliyekula Noeli akiwa na kinyongo. Waliogombana waliketi kwenye mkeka mbele ya sahani moja. Kila mmoja alitaja kosa alilotendewa, mwenzake akajibu, wakapeana mikono, ndipo wakamega tonge la kwanza la bukari, ugali wetu. Baada yao ndipo watu wote walipokula, wakaimba, wakacheza. Alishika sheria hiyo miaka arobaini na mitano. Mwaka jana aliivunja.

Dada yetu alizaliwa Kambove tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati yetu sita. Baba yetu alikuwa mfanyakazi hodari wa mgodi, lakini kila sikukuu alikunywa na kupiga. Noeli ya 1967 alimvunja mama mkono kwa sababu ya paja la kuku. Chola, mwenye miaka tisa, ndiye aliyeufunga mkono ule kwa kitenge. Hatuyasemi haya kumtukana baba. Tunayasema kwa sababu ni kweli.

Chola alisoma shule ya msingi kwa masista wa Kambove, kisha ushonaji huko Likasi, akapata cheti mwaka 1976. Alishona katika soko la mtaa wetu wa Kenya kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwezi wa Desemba hakulala vizuri, maana nusu ya mtaa ilitaka nguo mpya kwa wakati mmoja, na hakuna mtoto aliyekwenda kanisani na nguo isiyokuwa na vifungo.

Tarehe 4 Agosti 1979 aliolewa na Aristote Musonda, fundi wa kuchomelea vyuma. Noeli yao ya kwanza, shemeji yake Mwaba alikuja na panga, akidai Aristote amemdharau. Dada yetu alimpokonya panga, akalikalia, akamsukumia sahani.

"Sema kwanza, shemeji. Utamukata kisha kukula."

Mwaba alisema mpaka bukari ikakauka. Watu walilalamika: "Mama, tunakufa na njaa!" Naye akajibu: "Hakuna mutu alikufa na njaa mbele ya saa kumi. Mungojee." Jioni Mwaba ndiye aliyepiga ngoma. Hakurudi tena na panga.

Aristote alifariki tarehe 19 Mei 2015 na kuacha kiwanja Kasungami. Dédé, mtoto wao wa pili, mchimbaji wa madini huko Kambove, alijenga ukuta pale. Oktoba mwaka jana kaka yake Zéphirin aliubomoa kwa nyundo, akisema umeingia upande wake. Dada yetu aliwaita wote wawili waje Noeli. Alitaka kuwaona wamepatana kabla hajafa. Alilisema hilo wazi.

Walikuja. Lakini mwaka huo binti yake aitwaye Mimi alileta wakwe zake kutoka Kolwezi, mara yao ya kwanza kufika nyumbani. Mkeka ulipotandikwa, Dédé alifungua kinywa kutaja ukuta. Dada yetu akamkatiza.

"Apana mbele ya bakwe. Mukule tu. Leo ni siku ya furaha."

"Mama, lakini shiye tunasemaka kwanza."

"Nimesema mukule! Bukari inapola."

Kwa aibu ya wageni, alidai furaha bila ukweli. Furaha ya namna hiyo ni kifuniko juu ya chungu kinachochemka. Wakamega. Kisha Zéphirin akacheka.

"Mutu ya Kambove, kazi yako ni mashimo. Ukuta nani alikufundisha?"

Dédé alimpiga na ile sahani usoni, ikapasuka, kipande kikaingia jichoni. Zéphirin akavunja chupa, akamchana Dédé bega. Wakwe walikimbia, sufuria zikapinduka, watoto wakakanyagwa. Dédé akakamata mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, akauinua juu ya kaka yake. Dada yetu aliingia katikati. Mchi ukampiga kichwani.

Alilazwa siku nane. Tarehe 26 alizinduka kidogo na kumwuliza kitinda mimba wake, Kiki: "Bakwe balikula?"

"Balikula, mama," akajibu Kiki. Chakula chote kilikuwa kimemwagika uwanjani.

Hakusema tena. Alifariki Alhamisi tarehe 2 Januari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita.

Anaacha wadogo watano, wajukuu kumi na mmoja na watoto wanne: Zéphirin, Mimi na Kiki, walio hapa mbele ya kaburi, na Dédé, aliye gerezani, ambaye ameomba jina lake lisomwe pamoja na majina ya wenzake. Tumelisoma. Anayenung'unika na anung'unike sasa, kwa sauti, asingoje Desemba.

Mungu ampokee Chola na ampe pumziko ambalo sikukuu zetu hazikumpa. Aliogopa aibu ya saa moja mbele ya wageni. Kwa saa hiyo yeye alilipa uhai, Zéphirin jicho, Dédé uhuru wake.