Mzee Bakuli na Nyumba Asizozitaja

"Ninazo funguo za nyumba kumi na moja katika mji huu, na hata mnitie pilipili machoni, hamtajua ni zipi!" Hivyo ndivyo marehemu alivyotamba, kipaza sauti mkononi, mbele ya ofisi nzima ya maji siku ya kuagwa kwake akistaafu, tarehe 30 Juni 2012. Mkewe akadakia kutoka kiti cha mbele, "Hata mimi hanitajii, jamani!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Aliyepiga makofi kuliko wote ni binti yake.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mzee Bakuli, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi reli, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Mwaka 1972 alijiunga na sekondari ya bweni, akasimamishwa wiki mbili baada ya mwalimu wa zamu kufungua sanduku lake la nguo na kukuta paka na vitoto vinne. Alipoulizwa paka ni wa nani, alijibu, "Wa kwake mwenyewe." Hata hivyo alimaliza na cheti akakipata, jambo ambalo si kila mtu katika ukoo huu anaweza kulisema.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa msoma mita za maji, kazi ya kugonga mageti yenye mbwa wasiotaka wageni. Wenzake walibeba fimbo. Yeye alibeba bakuli la makombo ya kuwalisha. Kwa miaka thelathini na mitano aliumwa mara mbili tu, na mara zote mbili alisema kosa ni lake. Wenye nyumba wakaanza: "Mzee, nasafiri wiki nzima, nitazamie paka wangu." Alipostaafu, hiyo ndiyo ikawa kazi. Aliingia katika nyumba za watu wasiokuwepo, akajifungia geti kwa ndani, akalisha, akachana manyoya, akatoa dawa. Hakumgusa mnyama bila kumwomba ruhusa: "Samahani bibie, naomba sikio." Sharti lake lilikuwa moja tu: nyumba ya msafiri haitajwi, maana wezi nao wana masikio. Kwake, funguo zilining'inia kwenye ubao wa misumari nyuma ya mlango, kila msumari na jina la mnyama. Jina la mtaa, hakuna.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye alikuwa amempelekea suruali iliyoraruliwa na mbwa. "Mbwa wa nani?" aliulizwa. "Siwezi kumtaja." "Haya, mtetee. Njoo kesho." Alirudi mara nne na suruali ileile. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Binti yake, muuzaji wa duka la dawa, hakuiogopa sindano. Aliogopa sukari kushuka baba akiwa peke yake ndani ya nyumba isiyojulikana. Wakakubaliana kwamba kila siku kabla ya saa nne asubuhi atamtumia neno moja: "Nimekula." Kwa miaka minane neno lilifika. Alhamisi tarehe 14 Machi 2024 halikufika.

Binti alipiga simu. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Alifunga duka wateja wakiwa kwenye foleni, akakimbia kwa wazazi wake.

"Ametoka saa kumi na mbili," mama alisema. "Chai hiyo hajaigusa. Kasema atakula huko."

"Huko wapi, mama?"

"Mwanangu, unaniuliza mimi?"

Binti alikwenda nyuma ya mlango. Msumari mmoja ulikuwa mtupu. Chini yake pameandikwa: Bosi. Mbwa, paka au kobe, hakuna aliyejua. Akatoka mtaa kwa mtaa akiita kwenye kila geti, "Bosi! Bosi!" Vijana wa gereji wakamjibu, "Bosi nipo hapa, dada, sema shida yako!" Hakusimama hata kuwatukana.

Mtaa wa tano, nyuma ya geti la kijani, kitu kilibweka mara moja, kwa sauti iliyokauka. Binti alichungulia kwenye upenyo akaona ndala za baba yake kwenye ngazi za baraza. Kufuli lilikuwa limefungwa kwa ndani. Ukutani, vipande vya chupa.

Jirani alitoka. "Unatafuta nini hapo?"

"Baba yangu yumo humu! Tukate kufuli!"

"Mzee nimemwona akiingia. Wewe ndiye sikujui. Na aliniambia mwenyewe: akija mtu kuniulizia, sema hunijui, na geti lisiguswe."

"Baba mdogo, nakuomba. Ni mgonjwa!"

"Kila mwizi ana mgonjwa wake, binti."

Jirani alimpigia mwenye nyumba, simu ikawa imezimwa, alikuwa angani. Binti akampigia mama, na zilipita dakika arobaini hadi alipofika na picha ya harusi yake na marehemu. Jirani akaishika, akaitazama, akakimbia kumwita fundi. Fundi wa kuchomelea alilikata kufuli upesi kuliko anavyofungua soda.

Marehemu alikuwa sakafuni jikoni, pipi mkononi, haijafunguliwa. Bosi, mbwa mzee, alikuwa amelala kifuani pake akionyesha meno yote. Watu walirudi nyuma. Binti alisema, "Samahani bosi, naomba kupita." Mbwa akasogea.

Hospitalini binti aliuliza kuhusu zile dakika arobaini. Daktari alisema, "Sitakudanganya, dada. Kila dakika ilikuwa na kazi yake." Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 16 Machi, saa kumi na dakika kumi jioni, bila kuamka.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na wadogo zake watatu. Jirani yupo nasi hapa. Familia haimlaumu, alishika neno aliloachiwa. Mzee Bakuli, umelisha vya kutosha. Sasa lala, na amani ikulinde.

Badala ya kufuli lililokatwa, limenunuliwa jingine la aina ileile. Shilingi elfu sita na mia tano.