Kobe Hawa Walikotoka

Sogeeni wanangu, na mnisamehe mapema, kwa sababu hadithi hii nitaisimulia vibaya: ni mara ya pili tu naisimulia bila kuongeza chumvi, na ukweli mtupu mdomo wangu haujauzoea.

Nyumba mtagawana watatu, hilo tulishaliandika, na kiti cha kinyozi ni cha huyu wa kati, maana ndiye pekee anayenyoa bila kuondoka na sikio la mtu. Nilichowaitia ni kobe walioko uani.

Mmekua mkinisikia kibandani nikiwaeleza wateja walikotoka. Kwa mmoja niliwapata kwa kushinda karata. Kwa mwingine waliletwa na mama mkwe, aliyetaka nyumbani kwa binti yake pawe na mtu mwenye mbio kuliko mumewe. Mtu mwenye wembe shingoni hucheka kwa adabu, nami nikadhani nina kipaji.

Sasa sikilizeni. Mwaka tuliooana, wenye machimbo ya kokoto walitangaza kwamba kesho yake wataupiga baruti mlima ulio nyuma ya kiwanda cha matofali. Mama yenu alikuwa akiokota kuni kule, akawajua kobe wa mlima ule, wadogo, wenye mstari wa njano mgongoni, ambao hakuwahi kuwaona kwingine. Tulipanda asubuhi na makapu mawili ya nguo, tukashuka jioni na kobe kumi na mmoja, magoti ya mama yenu yakivuja damu. Tulikwenda kuomba kibali cha kuwafuga. Karani akauliza wametoka wapi, nikamtania, akacheka hadi akafuta machozi, na kwenye fomu nafasi ya kuandika walikotoka akaiacha wazi. Mama yenu aliniangalia tu.

Ni yeye aliyewazalisha. Kila yai alilitia alama ya penseli juu, maana yai la kobe likigeuzwa kilichomo hufa, kisha akalilaza kwenye sanduku lenye taa, pale miguuni pa kitanda chetu. Leo ni sitini na watatu, na kule mlimani hakuna hata mmoja. Siku zake za mwisho aliniambia, "Baba watoto, mwambie mtu mmoja ukweli. Hata mmoja tu." Nikamtania. Akacheka, au alikohoa, sikujua, na sasa sitajua.

Nipeni maji kidogo.

Yule dada wa idara ya wanyamapori mliyemkuta uani mwezi uliopita, alikuja kusema machimbo yamefungwa, upande wa pili wa mlima majani yamerudi, na wanatafuta kobe wa kupeleka. Ila lazima wawe wa pale pale, wasiingize damu wala maradhi ya kwingine. Nikamweleza yote, kama ninavyowaeleza. Akafungua daftari lake: mtaani alishaulizia, ana majibu saba, na yote yametoka mdomoni mwangu. Nikamwambia basi wapimwe damu.

"Kupima tunaweza, mzee," akasema, "lakini tuilinganishe na ya nani? Wa mlimani wamekwisha." Akanishika mkono. "Mimi nakuamini. Ila siwezi kuandika kwamba nimekuamini."

Kifungua mimba, andika haya kama nilivyoyasema, usipambe hata neno, nami nitatia dole gumba. Mpelekeeni. Akikataa, mrudieni mwakani, na mwaka unaofuata. Msiuze hata mmoja, msimgawie rafiki, msiwachanganye na kobe wa watu. Mayai tieni alama kama mama yenu. Hawa wataishi kuliko ninyi. Huenda wakampata wa kuwaamini.

Wewe wa kati, mbona unatabasamu? Unangoja mwisho uchekeshe. Usione haya, mwanangu, nimekulea hivyo mwenyewe.

Inamisheni vichwa... mkono hauinuki, uinueni. Mungu awaweke pamoja. Awape mdomo ambao watu wakiusikia... wanaamini.

Na wale wa machimbo msiwalaani. Wao waliwatoa kobe kwao kwa baruti, siku moja tu. Aliyewazuia wasirudi, miaka yote hii, ni mimi... tena nikapigiwa makofi.