Gari la Bluu Lililoangushwa

Hazel alikuwa ametoka zamu hospitalini, na alichotaka katika basi lile la Leicester ni kusinzia tu. Lakini kijana wa kiti cha mbele alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua kile kipindi cha magari cha televisheni cha Jumapili. "Msimu huu umechosha, mzee. Kizuri ni pale tu walipoliangusha lile gari dogo la bluu kutoka kwenye kreni. Nilicheka mpaka nikashika mbavu."

"Lilikuwa la baba yangu," mzee akasema.

Kijana angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Si uliwapa mwenyewe?"

"Waliniambia watalipandisha milima ya Wales. Baba alilipaka nta kila Jumamosi mpaka alipofariki."

"Pole. Lakini hiyo ni televisheni bwana, na ilichekesha."

"Ilimchekesha nani?"

"Mimi. Nchi nzima."

Usingizi ulishamruka Hazel. Basi likapunguza mwendo, mzee akasimama akishikilia nguzo. "Lilipoanguka, lilitangulia pua au ubavu?"

"Kwani hukutazama?"

"Nilizima."

Hazel aliomba moyoni kijana aseme uongo wowote wa kumtuliza mzee.

"Pua," kijana akasema polepole.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mlango ukafunguka, akashuka.