Shangazi Yetu, Mlezi wa Bakteria Wanaokula Sianidi

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa nne wa bibi na marehemu babu, aliyekuwa seremala. Bibi anasema alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakukaa kitako.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akamaliza kidato cha sita mwaka 1999, kisha akasomea ufundi wa maabara na kuhitimu Novemba 2002. Mwaka 2004 aliajiriwa na kiwanda cha kuchenjua dhahabu. Huko dhahabu hutolewa kwenye mawe kwa sianidi, sumu kali, na maji yanayobaki hayawezi kuachiwa mtoni hivihivi. Yeye alitunza tangi la bakteria wanaoyasafisha. Wenzake walimwita Mama Bakteria.

Siku moja nilimuuliza, "Shangazi, wanakula sumu halafu hawafi?"

"Ukiwapa nyingi ghafla wanakufa, tena wote. Wana vimeng'enya, vione kama mkasi. Vinaikata sianidi, kaboni huku, naitrojeni kule, wao wanajilia vipande. Ila huwaharakishi hata uwe bosi."

Aliolewa tarehe 5 Agosti 2006 na fundi redio, aliyependa kuwaambia wageni, "Mke wangu ana mifugo mingi kuliko nyinyi wote, ila msiniombe maziwa." Walijaliwa watoto wawili.

Maji hufika kwenye tangi yakiwa na chokaa nyingi, inayozuia sianidi isigeuke gesi. Bakteria hawaiwezi chokaa hiyo, hivyo hupunguzwa kwa tindikali, kidogokidogo, kutwa nzima. Tarehe 9 Juni mwaka huu bwawa la maji yanayosubiri kusafishwa lilikaribia kufurika, na msimamizi akaamuru tindikali imwagwe yote kwa mkupuo ili kazi iende haraka. Shangazi alikataa. Mwenzake akaimwaga, gesi ikapanda, akaanguka. Shangazi aliingia kumtoa, naye akazirai. Mwenzake huyo yu hai, yuko nasi hapa. Shangazi hakuzinduka tena. Alifariki hospitalini tarehe 12 Juni, saa nane mchana.

Juzi wageni wa kiwandani walikuja nyumbani kutuomba tuandike katika wasifu huu kwamba kilichomuua ni "maradhi ya moyo." Baba alitazama sakafu. Bibi akawauliza, "Moyo wa mwanangu ulikuwa na nini?"

Akanigeukia. "Si wewe unayeandika? Andika kilichomuua."

Kilichomuua ni gesi ya sianidi.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, kaka watatu na sisi sita, watoto wa kaka zake. Ameacha pia bwawa lililojaa, na tangi ambalo bakteria wake wote walikufa siku ile.

Mungu akupumzishe, Shangazi. Tumeandika.